Kaka Seif, Taa Ile Uliniambia Nisiijali

Kaka Seif,

Salamu leo sikuletei. Aliyezoea kuzipokea kutoka kwangu ni kaka mwingine, yule aliyekuwa anapokea simu. Hii ni wiki ya tatu nakupigia, simu inaita mpaka inachoka yenyewe. Nikimpigia mkeo ananiambia, "Wifi, kaka yako katoka, akirudi nitamwambia." Kutoka gani huko kusikokuwa na kurudi? Basi nimeamua kukuandikia, na nimeandika wazi, asome anayetaka kusoma, kwa sababu wewe uliyonifanyia uliyafanya kwa karatasi iliyotiwa saini. Mimi sitakujibu kwa minong'ono.

Niko Mahege kwa Mama. Kazini wamenisimamisha mpaka kamati ya uchunguzi imalize kazi yake, na Jumatatu narudi kukaa mbele yao. Watauliza mengi, lakini swali lenye uzito ni moja: kwa nini Kapteni Zuhura alikubali kuruka na ndege iliyomwonya ikiwa bado ardhini? Nikikosa jibu, leseni yangu imekwenda, na kila rubani wa nchi hii atanijua kama mwanamke aliyedharau taa ya onyo akiwa na abiria sitini na kitu nyuma yake. Jibu ninalo. Na wewe unalijua, ndiyo maana hupokei simu.

Nianze mbali kidogo, usije ukasema nimekurukia. Unalikumbuka dungu la Baba? Msimu wa mpunga tulikuwa tunahamia bondeni, tunashinda juu ya kile kibanda cha nguzo ndefu, sisi na makopo yetu na kombeo, tunaamia ndege wasimalize mpunga. Mimi miaka sita, wewe kumi na miwili. Ngazi ilikuwa ya miti iliyofungwa kamba, na kila masika kamba zinaoza. Ulikuwa unapanda wewe kwanza, unakanyaga kila kidato kwa miguu yote miwili, unarukaruka juu yake, halafu unashuka mpaka chini ndipo unaniambia, "Nimejaribu mwenyewe, panda." Siku moja kidato cha nne kikakatika na wewe, ukachubuka paja zima. Hukulia. Ulifunga kamba mpya, ukaruka juu yake tena na damu inakutoka, ukaniambia maneno yale yale. Nikapanda bila kuuliza.

Ni kule juu ya dungu tulikokuwa tunaziona ndege za Mtwara zikipita. Wewe ndiye uliyesema, "Mimi nitazitengeneza, Zuu ataziendesha." Baba alisikia akiwa chini na jembe lake, akapaza sauti, "Kwanza fukuzeni hao walioko kwenye mpunga wangu!" Tulicheka mpaka kopo likaanguka. Baba hakuwahi kuliona neno lako linatimia, lakini lilitimia. Ulitangulia wewe chuo cha ufundi, mimi nikafuata nyuma, na kila nilipotaka kurudi Kibiti nikafundishe shule ya msingi kama wenzangu, ulikuwa unanisema mpaka naona aibu. "Unaogopa nini? Mimi nitakuwa chini ya hiyo ndege kabla wewe hujapanda." Hayo maneno nilikula nayo, nililala nayo.

Siku ya kwanza nimekaa kiti cha kushoto, kiti cha kapteni, ulikuja mwenyewe mbele ya pua ya ndege na ovaroli lako la mafuta. Ukaligonga tumbo la ndege mara mbili kwa kiganja, ukaninyooshea dole gumba. Tangu siku hiyo ukiwa zamu lazima ugonge, na mimi siwashi injini mpaka nimeliona dole gumba lako. Wenzetu walikuwa wanatutania, wanasema, "Ndege hii ina kibali cha serikali na kibali cha ukoo." Nilikuwa naringa, wallahi. Nani mwingine pale uwanjani alikuwa na fundi aliyenyonya naye ziwa moja?

Sasa sikiliza, na wanaosoma nao wasikie. Kila ndege ina kitabu chake. Rubani akiona hitilafu anaandika, fundi akiitengeneza anaandika alichofanya na anatia saini. Kisichoandikwa humo hakipo. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo kabla sijafundishwa chuoni. Lakini sisi wawili tulikuwa na kitabu cha pili, cha mdomo. Unanipigia, "Zuu, breki ya kulia inapiga kelele, ni vumbi tu, usihangaike." Nami nakuambia, "Kaka, kiti changu kinacheza, nitazame basi." Kiti kinatengenezwa na hakiandikwi. Nilikiona kitu kizuri. Nilisema, wengine wana mafundi, mimi nina ndugu. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nalisema mimi kabla hujanisemea wewe.

Taa ile ilianza kusumbua kabla sijaigusa ndege ile mwezi huo. Chini ya pua ya ndege, upande wangu, kuna kibomba kidogo kinachokinga upepo, na upepo huo ndio unaoniambia tunakwenda kwa mwendo gani. Ndani yake kuna waya wa moto, kwa sababu huko juu wingu la mvua ni barafu, na barafu ikikiziba kile kibomba kipimo changu cha mwendo kinageuka mwongo. Ule moto ukizimika taa inawaka. Marubani watatu walikuwa wameiandika kitabuni, na mara zote tatu wewe uliandika: imekaguliwa, inafanya kazi. Nimeyaona maandishi yako baadaye, mezani kwa kamati. Mwandiko wako mzuri ule ule, unaolala kidogo upande wa kulia.

Asubuhi ile ilikuwa masika hasa. Mvua ilianza kabla ya alfajiri na mawingu yalikuwa yamelala mpaka kwenye minazi. Niko kwenye gari la wafanyakazi, simu ikalia, ujumbe wako wa sauti. Nilijua hata kabla ya kuufungua kwamba ni wewe, maana wewe huandiki, unasema. "Zuu, za asubuhi. Leo una ile ndege yetu. Ile taa ya kibomba chako ikiwakawaka usiijali, ni waya wa taa tu unacheza. Kibomba nimekishika kwa mkono wangu, kina moto. Mimi zamu yangu imekwisha, nakwenda kulala. Nenda zako salama, ukifika Mtwara ninunulie korosho." Niliusikiliza mara mbili. Hiyo ya korosho ilinichekesha, mtu wa Kibiti kuagiza korosho Mtwara, kama kwetu hazipo.

Tulipoanza kusogea kuelekea njia ya kurukia, taa ikawaka. Ikazimika. Ikawaka tena. Rubani msaidizi wangu alikuwa Method, mtu wa Bukoba, mpole, kila kitu kwake ni kwa utaratibu. Akaiangalia taa, akaniangalia mimi. "Kapteni, turudi tumwite fundi?"

Nikamjibu, "Fundi ameshanijibu."

Maneno mawili, Seif. Method hakuuliza fundi gani wala ameshajibu nini. Aliniamini mimi kama mimi nilivyokuamini wewe. Taa ikazimika, tukaruka.

Tulipanda vizuri mpaka Mkuranga. Kutoka hapo rada ikaanza kuonyesha wekundu kila upande, tukawa tunakwepa huku na kule, ndege inatupwa, nyuma nasikia watu wanamtaja Mungu kwa lugha zao zote. Tukaingia kwenye wingu moja lililokuwa jeusi hata mchana ule. Kioo kikaanza kushika barafu pembeni. Taa ikawaka, na safari hii haikuzimika. Kisha kipimo changu cha mwendo kikaanza kushuka. Kikashuka tena. Kinaniambia ndege inaishiwa mwendo, inakaribia kudondoka. Mtambo unaoiendesha ndege wenyewe ukaona mambo hayaeleweki, ukajitoa, king'ora kikalia, na ndege nzima ikabaki mikononi mwangu.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Mkono wangu ulikwenda mbele. Ndege ikiishiwa mwendo unashusha pua ipate kasi, ndivyo tulivyofundishwa, na macho yangu yalikuwa kwenye kipimo kile. Nilishaanza kusukuma. Kama ningeendelea, tungekimbilia chini ndani ya dhoruba ile kwa kasi ambayo mabawa hayaivumilii. Kilichonizuia ni sauti ya injini. Ilikuwa haijabadilika hata kidogo. Ndege haikuwa inalegea, haikuwa inatetemeka kama inayoishiwa. Kiti, sauti, usukani, vyote vilikuwa vinaniambia ndege ni nzima, na kipimo kimoja tu kinaniambia ninakufa. Nikajiuliza nani hapa mwongo. Na unajua jina lililonijia kichwani? Lako. Nilikutetea, Seif, nikiwa katikati ya wingu. Nilisema kimoyomoyo, haiwezi kuwa kibomba, Seif amekishika kwa mkono wake.

Method akasema, "Kapteni, cha kwangu kinasoma sawa. Vyetu vinapingana."

Tukatazama kipimo cha akiba, kile kidogo cha katikati. Kikakubaliana na cha Method. Vitatu, viwili vinasema kitu kimoja, changu peke yake kinasema kingine. Basi nikafanya tulichofundishwa kufanya usipomjua mkweli: pua nikaiweka mahali pake, nguvu ya injini nikaiweka mahali pake, mikono ikatulia. Ndege yenye pua sawa na nguvu sawa itaruka, hata kama vipimo vyote vimerukwa na akili. Halafu nikafanya jambo gumu kuliko yote siku ile. Nikamwambia, "Method, shika wewe. Ndege ni yako." Kapteni mwenye mistari yake begani akawa msaidizi wa msaidizi wake, kwa sababu yeye alikuwa na kipimo cha kweli na mimi nina cha kaka yangu.

Tukaomba kushuka na kurudi, waongozaji wa ndege wa Dar wakatuitikia. Tuliposhuka chini ya barafu mvua ikawa maji tu, na wingu likafunguka kidogo upande wa kushoto. Nikaona delta yote, mikoko na mito ya tope imegawanyika huku na kule kuitafuta bahari. Nikajua tupo wapi. Upande wa Method, nyuma ya lile pazia la mvua, ni Mahege. Mama alikuwa chini yetu. Baadaye alinisimulia, hajui anasimulia nini, kwamba asubuhi ile alisikia ndege inapita chini kuliko siku zote, akamwambia jirani, "Hawa leo wanatafuta nini huku?" Nilimjibu labda walikosea njia.

Kipimo changu kilifufuka tukiwa tunarudi. Barafu iliyeyuka, mshale ukapanda, ukasoma sawasawa na wa Method, msafi, hauna habari. Nilikiangalia tu. Method ndiye aliyetua. Alitua kwenye maji yale na upepo ule wa ubavuni, magurudumu yakagusa taratibu, nyuma wakapiga makofi na takbira. Bibi mmoja akishuka alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, nimetapika mpaka maziwa ya mama yangu, lakini Mungu akuweke." Nilicheka.

Lakini kabla ya bibi huyo kushuka, ndege haijafunguliwa mlango, ngazi haijaletwa, mimi nilikuwa nimekwishawasha simu. Unajua kwa nini? Kwa ajili yako. Nilisema, Seif atakuwa amesikia, karakana nzima itakuwa imesikia kwamba tunarudi na hitilafu, na yeye hajalala wala hawezi kulala, atakuwa anapiga kama mwendawazimu. Nilitaka kukuambia niko hai. Simu ikashika mtandao. Hakuna simu iliyopigwa. Nikafungua mahali pako. Pale palipokuwa na sauti yako palikuwa na mstari mmoja: ujumbe huu umefutwa.

Nilidhani simu imeharibika, nikaizima nikaiwasha. Umefutwa.

Nimekaa na hesabu hiyo wiki tatu, na kila nikiipiga jibu ni lile lile. Nilipozima simu kabla ya kuruka ujumbe ulikuwapo. Nilipoiwasha, kabla hata mlango haujafunguliwa, haupo. Maana yake uliufuta nikiwa hewani. Walikuambia ndege ya dada yako inarudi, vipimo vinapingana, wako kwenye dhoruba, na hukujua kama nitafika. Mtu mwingine angepiga magoti. Wewe ulichukua simu, ukanitafuta mimi, ukakuta jina langu, ukabonyeza sauti yako mwenyewe mpaka ikatoka. Nani alikufundisha kuwa na mkono mtulivu hivyo? Ulikuwa unajiandaa kwa maiti yangu, kaka. Usiku na mchana nimejaribu kulisema kwa namna nyingine, na namna nyingine sijaipata.

Mafundi wengine walipokifungua kibomba walikuta waya wa moto umekatika na mkatiko wake umeshashika kutu. Si wa siku ile wala wa wiki ile. Hukukishika, Seif. Mtu akikishika kile kibomba kikiwa kimewashwa kinamwunguza, kikiwa kimekufa ni baridi kama kijiko, haiwezekani kukosea. Kwamba hukukishika naweza kulimeza. Umechoka, zamu imekuwa ndefu, kipuri hakijaletwa, mkubwa wako anataka ndege itoke. Nafanya kazi pale pale, nayajua. Ungeniambia, "Zuu, sijakishika, andika kitabuni wakikague upya," tungechelewa saa mbili na abiria wangetutukana, basi. Ulikuwa na neno la kweli na neno la uongo, yote yana urefu ule ule, ukanichagulia mimi la uongo. Kwa nini? Kwa sababu rubani mwingine angekuja kukiangalia. Mimi ndiye ambaye ulikuwa na uhakika hataangalia.

Halafu likaja andiko lako kwa kamati. Walinipa nakala nisome nikiwa mbele yao, na mimi mjinga nikalisoma kwa hamu, nikitegemea umenisemea. "Ndege niliikabidhi ikiwa nzima. Taa ilipowaka rubani huyo hakuita fundi. Siku hiyo sikuwa na mawasiliano yoyote na rubani huyo." Rubani huyo! Mara mbili! Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema sina kwa leo. Nikaomba maji. Method wao walimhoji kabla yangu, akasema alichosikia, "Kapteni alisema fundi ameshamjibu," hakuongeza wala hakupunguza. Sasa wanataka kujua fundi huyo ni nani, na mimi nimekaa kimya kwa ajili yako siku zote hizi, nikisubiri uje ulitaje jina lako kwa mdomo wako.

Hukuja wewe, alikuja Mjomba. Alipanda basi kutoka Nyamwage na kanzu yake ya Ijumaa, nikajua umempigia. Kumbe simu yako ni nzima. Tukaketi barazani, Mama akiwa na ungo wake anapepeta mchele, Mjomba akaanza kwa mbali, kwa habari ya mvua na nguruwe walioingia kwenye mihogo. Kisha akasema, "Zuhura, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Kaka yako ana watoto watatu. Wewe ni mwanamke, utaolewa, utalishwa. Libebe hili, litapita."

Nikamwambia, "Mjomba, nakuheshimu. Lakini huyo mzaliwa nami alitaka nife mimi, yeye abaki."

"Astaghfirullah! Mtoto, chunga ulimi."

"Nimeuchunga wiki tatu, Mjomba. Umevimba."

Mama aliniangalia kwa jicho ambalo wewe unalijua, lile la kuomba bila kuomba. Mjomba alipokwenda kuswali, Mama akaniambia kwa sauti ya chini, "Seif ndiye aliyetulea baba yenu alipokufa. Mwanangu, huwezi hata kusema umesahau?" Na ni kweli ulitulea, siwezi kukunyima hilo. Nilikuwa tayari, Seif. Namwapia Mungu, kwa jicho lile la Mama nilikuwa tayari kwenda Jumatatu nikasema nilisahau tu ni fundi gani aliyenijibu, nikavua mistari yangu, nikatafuta shule hapo Kibiti nikafundishe.

Lakini niliona siwezi kumdanganya yeye pia. Nikamweleza yote, polepole, kwa Kindengereko chetu pale Kiswahili kiliponishinda. Taa, ujumbe wako, wingu, na kwamba ile ndege aliyoisikia iko chini ni mimi niliyekuwamo. Ungo ulisimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakulia, hakunikatiza. Kisha akauliza jambo moja tu, "Alipopata habari kwamba mko hatarini, alikupigia saa ngapi?"

Nikamwambia, "Hajapiga, Mama. Mpaka leo."

Akauweka ungo chini. Akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu, mpaka Mjomba akarudi akauliza chakula kimefikia wapi. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu na ameshajifunga kanga ya pili. Akamwambia Mjomba, "Kaka, ya watoto wangu niachie." Akanigeukia, "Jumatatu nitakusindikiza mpaka stendi ya Kibiti, nikuone unapanda gari." Mjomba alikula wali wake, akaondoka na basi la jioni. Mimi na Mama hatujaizungumza tena habari yako. Jina lako humu ndani sasa halitajwi, na yeye ndiye asiyelitaja, si mimi.

Unataka kujua kama nakuchukia? Sijui. Jana nilimwona mtu sokoni Kibiti kwa nyuma, ana mabega yako na mwendo wako wa kuvuta mguu, moyo ukaruka kwa furaha kabla sijakumbuka kwamba nimekukasirikia. Nilisimama pale na kapu langu nikalia mbele ya wauza samaki, watu wakadhani nimeibiwa. Ningekusamehe uvivu. Ningekusamehe woga, hata saini zako tatu za uongo ningekwenda kuziombea radhi pamoja na wewe, tumesimama wote wawili mbele ya wakubwa kama tulivyokuwa tunasimama mbele ya Baba. Ulinikosesha hata hilo. Umeniacha nisimame peke yangu.

Basi sikia, ili usije ukasema hukuambiwa. Kamati inafungua mlango saa tatu asubuhi. Ukitaka, uwe umeingia kabla yangu ulitamke neno lako mwenyewe, nami nikikukuta umeshakaa nitakaa kiti cha pembeni yako. Usipokuja, nitaingia peke yangu. Nitaanza na kosa langu lote: taa niliiona, Method aliniuliza, sikuita fundi, sikuandika kitabuni. Adhabu yake nitaipokea, hata ikiwa ni leseni. Kisha watauliza nani aliyeniambia nisiijali, na nitataja jina lako lote, lako, la Baba na la Babu. Watalitazama, watatazama langu kwenye karatasi, wataona mawili ya mwisho yanafanana. Mwenyekiti ataniuliza, "Kapteni, huyu ni nani wako?"

Nitamwambia ni kaka yangu, tumbo moja.

Kwaheri, Seif. Mungu akuonyeshe njia ya saa tatu.

Mdogo wako,
Zuhura